Maneno ya Kigiriki Niliyomsomea Baba

Siku ile ya kiangazi, mwanangu, naikumbuka hadi leo, na kila nikiikumbuka damu inanichemka.

Nilikuwa kijana, Waingereza bado wanatutawala. Pale Omurushaka palikuwa na karani wa kununua kahawa, Gabrieli, mtu wa Bukoba. Aliletewa kwa posta vijitabu vya Ulaya vya elimu ya siri za roho, naye akatukusanya vijana wachache atufundishe. Maneno ya kuombea wagonjwa yalikuwa matatu, ya Kigiriki: gnosisi, pneuma, musterioni. Akatuapisha tusiulize maana, eti neno likishaelezwa nguvu yake hutoka. Nami, mpumbavu mkubwa, nikaapa.

Kisha baba akaugua. Unajua desturi yetu wafugaji: mzee akiona siku zake zimekwisha humwita mwanawe amtajie ng'ombe. Huyu rangi yake hii, mama yake yule. Na wale aliowaweka kwa marafiki, wako kwa nani. Hesabu hiyo haiandikwi popote. Mtoto husikiliza, kisha hurudia mpaka ashike. Na ng'ombe wengi wa baba walikuwa kwa marafiki zake huko Mabira.

Asubuhi hiyo mama alinifuata malishoni. "Kimbia, baba yako anataka kukutajia."

Nilikimbia kweli. Lakini nilipopiga magoti kando ya kitanda nikaanza kumsomea maneno yangu matatu ili apone. Baba akafungua mdomo. "Yule wa kahawia..." Nikamwekea kiganja midomoni. Kiganja hiki hiki!

"Nyamaza, baba. Nguvu inaingia."

"Mwache aseme!" mama akapiga kelele. Nikamtoa nje, mama yangu mzazi, nje ya nyumba yake mwenyewe. Baba akajaribu tena, sauti ikagoma, akageukia ukutani. Kufika mchana alikuwa ameshatutoka.

Padri aliyekuja kumzika alikuwa Mhaya mzee, aliyesoma Kigiriki seminari. Nikamsimulia yote, nikamuuliza kwa nini maneno yangu hayakufanya kazi. Alinikazia macho mpaka nikainamisha kichwa.

"Gnosisi ni kujua, basi. Pneuma ni pumzi, ni upepo. Musterioni limetoka kwenye neno la kufumba, macho au mdomo. Kufumba mdomo wa baba yako ulijua vizuri! Hayo hata muuza samaki wa Kigiriki aliyaelewa. Wewe ulikatazwa kuuliza na mtu asiyejua."

Nikamfuata Gabrieli. Akakiri kuwa hajui maana ya hata moja. Hajui! Na alituapisha!

Marafiki wawili wa baba walirudisha ng'ombe. Wengine walikaa kimya, nami ningemdai nani, kwa ng'ombe gani? Mama alizeeka akiomba maziwa kwa majirani. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sasa nakusikia na wewe unakuja na maneno ya kigeni ya roho, ukiulizwa maana unatabasamu. Usinitabasamie! Mwanangu, mtu akikupa neno la kuombea, muulize maana hapo hapo. Akikasirika, ondoka. Na mgonjwa akitaka kusema, funga mdomo wako, si wake.

Mungu akupe uzao na mifugo, akupe masikio, na mimi aniachie pumzi ya kutosha asubuhi hii. Kaa hapa. Tuanze na yule mweusi mwenye doa kifuani. Mama yake alikuwa wa kahawia. Rudia.