Lenzi ya Kamati

Thobias wa Makole alikuwa fundi picha mzuri mwenye ila moja: aliwaambia kweli watu waliomfuata kutafuta uongo. Mteja akiuliza, "Nimetoka vizuri?" yeye hujibu, "Umetoka ulivyo." Kwa jibu hilo wateja walihama mmoja mmoja, wakaenda studio mpya ya picha za rangi karibu na stendi, ambako ulipigwa mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji na ukaambiwa umependeza kabla hata hujakaa. Thobias akabaki na paspoti za wanafunzi. Mkewe, Generosa, alikuwa amechoka kuishi kwa paspoti, na alimwambia hivyo kila asubuhi akimpa chai.

Mimi ni Mishi, mzaliwa wa Kondoa. Miaka hiyo nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mradi mmoja wa visima hapa Dodoma. Kwa kuwa taipu ilikuwa moja na aliyeiweza ni mimi, kila kamati iliyozaliwa pale ofisini ilinifanya katibu. Na kamati zilizaliwa kama panya. Tulikuwa na kamati ya chai, kamati ya misiba, na kamati ndogo ya kuchunguza kwa nini kamati ya misiba haikuchangia msiba. Kwa hiyo wafadhili walipotangaza kwamba watatutembelea, na Mkurugenzi wetu, Bwana Charles, akataka picha kubwa ya wafanyakazi wote itundikwe mapokezi, hakuna aliyeshangaa picha ilipoundiwa kamati.

Mimi ndiye niliyemtaja Thobias. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Elisha wa utawala, alimwita na kumweleza kwamba picha hiyo ni mtihani. Akifaulu, kazi zote za mradi ni zake: vitambulisho vya wafanyakazi, picha za kila kisima, na kila ujio wa wageni. Akishindwa, studio ya stendi iko tayari. Nilimwona Thobias akimeza mate. Mtu aliyezoea paspoti alikuwa amefunguliwa mlango wa ikulu.

Tatizo lilikuwa uwanja. Mbele ya ofisi palikuwa na hatua kumi tu kufika kwenye ua wa minyaa, na nyuma ya ua kuna mtaro. Kamera ya Thobias, ya mkanda wa kawaida, ilikuwa na lenzi moja, ile ya milimita hamsini iliyokuja nayo, na kwa lenzi hiyo alipata watu saba na nusu. Sisi tulikuwa ishirini na wawili, tena Mkurugenzi alitaka na gari jipya la mradi lionekane nyuma yetu.

Akaenda kwa Wambura. Huyu ni mfanyabiashara aliyeibuka na soko huria. Alikuwa akishusha mitumba kutoka Dubai, na mezani kwake ungepata pasi, viatu vya harusi na vipuri vya friji, vyote vimelala pamoja. Alikuwa na lenzi pana mbili, kila moja ndani ya soksi ya mtoto. Moja ishirini na nane, nyingine ishirini. Thobias aliziazima kwa siku tatu ili azijaribu, na akazijaribu kwa kupiga picha ukuta. Mkanda mzima, picha thelathini na sita, zote za ukuta wa matofali wa jirani yake Silvano, apate kuona mistari ikipinda wapi. Silvano aliona mtu na kamera akiupima ukuta wake kutoka kila pembe, akaamini ametumwa na watu wa viwanja kukagua mpaka. Alibomoa mita mbili kwa mikono yake kabla hajaulizwa.

Majibu ya ukuta Thobias alituletea kwenye kikao. Alizipanga picha mezani, akaeleza taratibu.

"Wazee wangu, kwenye lenzi, namba ikipungua macho yanapanuka. Lakini hakuna cha bure. Hii ishirini inakusanya watu wengi, ila walio pembeni inawavuta, wananenepa. Tazameni tofali la mwisho na la katikati, ni ya tanuri moja hayo. Hii ishirini na nane inasema kweli zaidi. Tukitumia hii, wakuu wakae mstari wa mbele, wengine wasimame nyuma, wote tunaingia."

Alikuwa sahihi kabisa. Lakini Thobias hakujua kilichokuwa kikitusumbua sisi. Mwaka ule serikali nzima ilikuwa ikipunguza wafanyakazi, na mradi wetu nao ulikuwa na orodha inayoandaliwa ndani ya kabati la Bwana Charles. Hakuna aliyeiona, ila kila mtu aliiota. Kusimama nyuma kwenye picha ya kuonyeshwa wafadhili? Nyuma ndiko kunakokatwa! Bwana Castory, mhasibu, alisema waziwazi kwamba yeye hasimami nyuma ya kichwa cha mtu, hata kiwe cha nani. Wakamwunga mkono wote, na mimi moyoni.

"Mstari mmoja," Bwana Elisha akaamua. "Wote tumekaa. Lenzi ni hiyo ishirini."

"Walio pembeni watavimba, mzee."

"Kunenepa si ugonjwa, bwana. Sisi hatukukuita utufundishe, tumekuita utupige."

Nikaandika: Kamati imepitisha lenzi namba ishirini. Nadhani ni kamati pekee Tanzania iliyowahi kufanya hivyo. Thobias alimpa Wambura redio kaseti yake na baiskeli, akarudi Makole kwa miguu na soksi moja mfukoni.

Siku ya picha tulikaa kwa vyeo. Katikati Bwana Charles, kulia kwake Bwana Elisha, kushoto Bwana Castory, na kadiri cheo kilivyopungua ndivyo ulivyosogezwa pembeni. Ncha ya kulia alikaa Matonya, mlinzi. Ncha ya kushoto alikaa mama Dorothea, mfagizi na mpika chai wetu, mwanamke mwembamba aliyetoka kwao Mvumi miaka kumi na minane nyuma na hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Mimi nilikuwa jirani yake.

Picha za kwanza zilitoka saizi ya postikadi, kila mtu yake. Yallah! Mama Dorothea alikuwa amejaa kiti, mashavu yanang'aa, mikono minene ya mtu asiyefua. Matonya, ambaye ukimwona kwa ubavu unamkosa, alikuwa na tumbo la heshima. Mimi nilimtumia mama yangu nakala Kondoa, akaipitisha mtaa mzima, na baada ya wiki mbili nikapata barua kutoka kwa wajomba wawili wanaoniomba niwaajirie watoto.

Katikati ya neema hiyo yote alikaa Bwana Charles, vilevile alivyo. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuugua malaria. Kati ya watu walionona namna ile, alionekana amebaki mifupa na tai. Na miaka ile mtu akikonda hakuulizwa anakula nini, aliulizwa amekuwa na nani. Mpaka jioni nakala moja ilikuwa imefika Area D alikokuwa akiishi, na majirani wakaanza kumpa pole ambazo hakuziomba.

Thobias aliitwa kwa hasira. Alisimama mbele ya meza ya Mkurugenzi, na mimi nilikuwepo kuandika.

"Umemfanya mfagizi awe mimi, na mimi niwe mfagizi!"

"Sio mimi, Mkurugenzi. Ni pembeni."

"Pembeni?"

"Anayekaa pembeni hunenepa. Niliieleza kamati. Nikuombe, turudie kwa ishirini na nane, watu wakae mistari miwili. Wambura bado anayo, nitabadilishana naye."

Bwana Charles hakusikia mistari miwili. Alisikia pembeni. Akatazama tena mikono ya mama Dorothea kwenye picha, kisha akasema kwa sauti ya kikazi, "Picha itarudiwa. Lenzi ni ileile. Nitakaa pale alipokaa huyu mama."

Habari ikatangulia kufika uwanjani. Asubuhi ya kurudia, wakuu wa ofisi yetu, watu wa shahada na suti, waligombania viti vya pembeni. Ncha ya kushoto aliikalia Bwana Charles saa moja kabla, akasomea gazeti hapohapo asinyang'anywe. Ncha ya kulia Bwana Elisha na Bwana Castory walishika kiti kimoja, kila mtu na mguu wake wa kiti, mpaka Elisha akataja uenyekiti wake. Tulibaki sisi wadogo tukisukumwa ndani. Katikati kabisa, mbele ya gari, hapakuwa na mtu wa kupataka, wakawaketisha mama Dorothea na Matonya ili pasionekane pengo.

Kabla ya kupiga, Thobias alinivuta kando.

"Dada Mishi, fremu yenu ina ukubwa gani?"

Fremu ilikwisha tengenezwa kwa mninga, kwa kipimo cha ile ya mkurugenzi aliyepita: inchi ishirini kwa kumi na sita.

"Basi kuna tatizo. Picha yangu ni ndefu, fremu yenu ni fupi. Nikiikuza mpaka ijae humo, karatasi inakula pembeni, mtu mmoja kila upande. Waambie fremu irefushwe."

"Waambie mwenyewe, kaka."

Akawaambia. Bwana Elisha, akiwa ameng'ang'ania kiti, alijibu kwamba fremu ilipitishwa na kamati na haiwezi kupitishwa mara mbili. Niliandika hilo kwenye muhtasari: Mpiga picha alishauri fremu irefushwe, la sivyo walio pembeni watakatwa. Kamati haikuafiki. Wote wakatia saini bila kusoma, kama desturi yetu.

Picha ilikuzwa Dar es Salaam na kurudi imefungwa kwenye bomba la karatasi. Fundi akaiweka kwenye fremu usiku wa kuamkia ugeni, na fremu ikafunikwa kitambaa. Wageni wakaja, wakanywa chai ya mama Dorothea, kisha Bwana Charles akavuta kitambaa.

Upande wa kushoto lilionekana goti moja na sikio. Lilikuwa sikio nene, hilo sikatai. Upande wa kulia kilikuwepo kiatu cha Bwana Elisha, kimepigwa rangi vizuri. Na katikati, mbele ya gari la mradi, ameweka mikono mapajani na kutazama moja kwa moja, mama Dorothea.

Kisha mgeni mmoja, mama wa Kizungu aliyekijua Kiswahili cha kutosha, akaanza kupiga makofi. Alisema ametembelea miradi mingi, na kote wakubwa hukaa katikati. Leo kwa mara ya kwanza ameona mradi ambao viongozi wamejiondoa kabisa, wakamweka mbele mama wa kawaida. Huu, alisema, ndio ushirikishwaji. Akamfuata mama Dorothea palepale alipokuwa ameshika trei, akampa mkono. Bwana Charles, ambaye mdomo ulikwisha kufunguka kumlaani Thobias, aliufunga, akatabasamu, akasema kwamba hilo ndilo lilikuwa lengo lake tangu awali.

Hivyo Thobias akafaulu mtihani. Wageni walipoondoka Bwana Elisha alijaribu kumgeuzia kibao, nikamletea muhtasari wenye saini yake. Kazi akapewa. Generosa akabadilisha wimbo wa asubuhi, na Thobias akanunua baiskeli nyingine. Mji mzima ukasikia habari ya lenzi, na kwa muda mrefu hapakuwa na harusi Dodoma ambayo wazee wa kamati hawakupigania kukaa mwisho.

Miezi minne baadaye orodha ikatoka kabatini. Ilikuwa na majina mawili: Dorothea na Matonya. Miaka kumi na minane, na barua ya mistari mitano. Nilijua idadi ya mistari kwa sababu nilikuwa nimeichapa. Nililia chooni, kisha nikaosha uso nikaenda kuchemsha chai, maana kazi hiyo nilikwisha ongezewa mimi. Picha haikuondolewa ukutani. Wafadhili waliipenda.

Wakarudi mwaka uliofuata, na yule mama wa Kizungu akiwa mbele yao. Thobias alikuwepo na kamera yake, kwa kuwa kila ujio ulikuwa kazi yake. Mimi nilikuwa na trei. Mgeni akasimama mbele ya fremu, akauliza kwa furaha, "Yule mama yuko wapi leo? Ningependa kupiga naye picha."

Bwana Charles hakusita hata kidogo. "Yuko vijijini, kikazi. Tunamtegemea sana."

Nilitazama vikombe. Bwana Elisha alitazama dari. Kila mtu pale ndani aliujua ukweli, na kila mtu alikuwa na watoto. Thobias naye alikuwa nao, watatu, na ada zao zilitoka kwenye lenzi ile. Akashusha kamera kutoka jichoni.

"Yuko Makole," alisema, kwa upole uleule aliotumia kueleza habari za matofali. "Alipunguzwa kazi. Anauza maandazi nje ya studio yangu. Ukitaka, mama, nakupeleka, ni karibu."

Mgeni alikwenda. Sikuwepo, ila naambiwa alipiga picha na mama Dorothea karibu na karai la mafuta, wawili tu, kwa ile lenzi ya hamsini, na kwamba hakuna aliyenenepa wala kukonda.

Kesho yake kazi za picha zilihamishiwa studio ya stendi. Kamati ilikutana, ikapitisha, na barua ya kumwachisha Thobias niliichapa mimi, nakala tatu, bila kosa hata moja.