Jina Chini ya Kifuniko cha Betri

Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi gari la Mzee Charo sikupata usingizi kwa swali moja: alteneta, kile kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka, itakuwaje kwenye foleni ya feri ya Likoni?

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii. Siku yangu ya kwanza gerejini, Changamwe, nilifika na shahada ya umeme kwenye bahasha. Fundi Mkuu, mzee wa Jomvu Kuu, hakuifungua. Alinipa kalamu ya wino mzito.

"Hapa, mwanangu, anayefunga waya huandika jina lake chini ya kifuniko cha betri. Gari likirudi na ila, twajua wa kumwita."

Miezi mitatu ikapita sijaandika jina popote. Kila nati nilikuwa nikiikaza, naondoka, narudi kuitazama tena. Fundi Mkuu alinitania, "Hiyo nati umeiposa?"

Mzee Charo, dereva wa lori mstaafu wa Utange, alikuwa amegeuza basi dogo kuwa nyumba: kitanda, jiko, na friji ya insulini ya mkewe, Mama Kadzo. Binti yao alikuwa amejifungua huko Kwale, kwenye chumba kimoja kisicho na umeme, nao walitaka kwenda kukaa uani kwake siku arobaini. Betri za friji zilikuwa zimekufa kwa kutojaa vizuri, akanunua za lithiamu. Kuzifunga nikapewa mimi.

Nilifunga kama nilivyofundishwa, kwa relei, swichi inayounganisha betri za nyumba na alteneta gari linapowashwa. Tukalijaribu hadi Kiembeni na kurudi. Fundi Mkuu akaipima alteneta kwa kiganja, ikawa na joto la kawaida tu.

"Andika jina," akasema Fundi Mkuu. Nikasingizia kalamu imekauka.

Betri za zamani hupokea umeme taratibu. Za lithiamu huvuta wote ambao alteneta inaweza kutoa. Barabarani injini huzunguka kwa kasi, na feni ya alteneta huipoza. Kwenye foleni feni huzunguka polepole, mvuto wa betri ukabaki uleule. Na Mzee Charo alikwisha kutuambia, "Mimi foleni sizimi gari. Friji ya mama ile." Alteneta ingeungua, insulini ingeharibika mbali na nyumbani.

Asubuhi Mzee Charo na mkewe wakaja. Mama Kadzo akapanda, akaketi na kanga za mjukuu mapajani.

"Shikamoo, Fundi," nikamwamkia Fundi Mkuu.

"Marahaba. Jina umeandika?"

"Bado. Naomba tuliwashe hapa hapa lilivyosimama, nusu saa. Taa na feni za ndani nimeziacha zikiwaka tangu jana, betri karibu zimeisha umeme, zitavuta sana."

"Mimi nafunga relei tangu mamako hajaolewa."

"Najua, Fundi. Lakini hizi si betri zile."

Akaniangalia, kisha akawasha mwenyewe. Nusu saa haijatimia, akapeleka kiganja karibu na alteneta, akakirudisha upesi. Harufu ya waya unaoungua ikatufikia sote.

"Zima!" Akaketi juu ya tairi. "Wallahi, miaka yote mkono huu umenitosha. Nastaafu mwisho wa mwezi, na ningewaacha hawa njiani. Chahitajika nini?"

"Chaja ya kukaa kati ya alteneta na betri, ipitishe umeme kwa kipimo. Na fyuzi kila upande."

"Basi funga. Mimi nitakushikia tochi."

Mzee Charo akatazama saa yake. Mama Kadzo akachungulia dirishani. "Tutakwenda kesho, Baba Kadzo. Mjukuu hana safari. Insulini itie kwenye chupa ya barafu, tumwache huyu binti fundi afanye kazi."

Alasiri tukaliwasha tena, likanguruma saa nzima lilipo. Fundi Mkuu akapeleka kiganja chake karibu na alteneta, na safari hii akakiacha hapo, akitabasamu. Nikainua kifuniko cha betri, nikafungua kalamu, nikaandika: Neema.