Maharage ya Rangi Tano

Binti yangu alikuwa na wiki moja ya kuchagua kati ya vyuo viwili, nami nikajiteua kuwa mshauri wake, bila kuombwa. Kimoja ni cha serikali, kule juu Mutanga, chenye mabweni. Kingine ni cha binafsi, katikati ya mji, ambako masomo yakiisha wanafunzi wanapiga picha kwenye ngazi, kisha kila mmoja anarudi kwao. Masomo aliyoyataka yalikuwepo kote kuwili. Kilichobaki, aliniambia, ni kujua wapi wanaishi vizuri zaidi.

Tulivitembelea vyote siku moja. Kile cha mjini kilikuwa na kantini safi, viti vyeupe na intaneti isiyokatika. Binti yangu alipapenda. Mimi niliona kasoro kila mahali, hata kwenye viti.

Kule Mutanga nilianza kusimulia kabla hatujafika getini. Hadithi yenyewe anaijua tangu utotoni: Jumapili za bwenini, enzi nilizosoma hapo. Waliotoka mikoani walirudi kila mmoja na mfuko wa maharage ya kwao, na desturi ilikuwa kuyachanganya yote katika sufuria moja, juu ya resho, jiko dogo la umeme, iliyofichwa chini ya kitanda ili mwangalizi asiione. Maharage ya rangi tano hayaivi pamoja. Ya mkoa wa Ngozi yakishapondeka, ya Bururi bado ni mawe. Hata hivyo hakuna aliyethubutu kupika yake peke yake. Angeitwa mchoyo hadi siku ya kupewa diploma. Walikula wakibishana ni mkoa gani uliowachelewesha, wakacheka hadi chumba cha jirani kikagonga ukuta.

Binti yangu aliinua macho kuyatazama madirisha.

"Papa, chumba chako kilikuwa kipi?"

Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuniuliza.

"Mi sikuwa na chumba," nikasema.

Nilikuwa nimepewa kitanda. Lakini kwetu ni Ngagara, mji huu huu, na mama yangu, alipoiona barua ya kitanda hicho, aliuliza kitanda changu cha nyumbani kina ubaya gani. Nikasaini karatasi ya kukiacha. Jumapili nilikuwa nikipanda na mfuko wa ndagala wakavu, dagaa wa ziwani, ili nikaribishwe, nikachambua maharage, nikapuliza makapi, nikabishana. Saa kumi na mbili, mvuke ulipoanza kunukia, nilikuwa nateremka, kwa sababu nyumbani tulikula mezani, wote, kabla ya giza. Mwisho wa hadithi nilisimuliwa Jumatatu, darasani.

"Kwa hiyo hayo maharage hukuyala?"

"Nilionja. Yalikuwa magumu."

Alicheka hadi akakaa kwenye ukingo wa barabara. Nami nilicheka, ingawa nilikuwa natafuta kwa macho dirisha la kitanda nilichokiacha, na sikulijua. Sikuwahi hata kwenda kukitazama.

Siku mbili baadaye aliniletea karatasi ya Mutanga. Alikuwa amekubali kitanda. Sasa tunaishi Kigobe, karibu kiasi kwamba angeweza kwenda na kurudi kila siku. Nikafungua kinywa, na maneno yaliyokuwa yakija yalikuwa ya mama yangu, neno kwa neno. Nikakifunga. Nikaenda sokoni kumnunulia maharage, nikachagua mekundu makubwa, kwa sura tu, kama mtu asiyejua kitu.

Jumapili ya kwanza, saa kumi na mbili, meza ilikuwa imeandaliwa, sahani moja pungufu. Nikampigia kumuuliza kama yameiva. Nyuma yake nilisikia wasichana wakizomeana.

"Bado, Papa," akasema. "Wanasema ya kwetu ndiyo yanachelewesha."

Nikamwambia asiondoke.