Minofu iliyokosa ndege yapata walaji mtaani

Jua bado halijapanda, na Mama Kisu ameshajifunga aproni ya plastiki. Buti nyeupe za mpira, kofia ya kuficha nywele, mikono ndani ya maji ya barafu. Anamlaza samaki mezani, anapitisha kisu nyuma ya shavu, anakishusha hadi mkiani, na mnofu unabanduka mzima bila mwiba.

"Mume wangu hunitania eti namenya samaki kama ndizi," anasema, akicheka bila kuinua macho.

Jina la Mama Kisu alipewa na wenzake katika kiwanda hiki cha minofu, ambako ameajiriwa tangu mwanawe wa kwanza hajaota meno. Karibu kila mnofu anaoukata huenda ng'ambo. Vichwa na mifupa hununuliwa na akina mama wa sokoni, akiwemo wifi yake.

Mwaka juzi mambo yalienda mrama. Umoja wa nchi zinazonunua minofu hiyo ulibadili sera yake ya uvuvi: samaki asiyejulikana kavuliwa na boti gani, kwa wavu gani, haingii. Boti nyingi za hapa hazikuwa hata na usajili. Kiwanda kikafungwa, wakataji wakaambiwa wasubiri nyumbani.

"Nilikaa kitandani nikaiangalia mikono yangu," anakumbuka. "Haijui kitu kingine."

Wifi yake naye alibaki na meza tupu sokoni. Siku moja akaja kubisha hodi.

"Wifi, kisu unacho wewe, meza ninayo mimi. Tunasubiri posa?"

Wavuvi walikuwa bado wanaleta samaki, na bei ilikuwa imeanguka. Wawili hao wakanunua wachache, wakatoa minofu, wakaipanga juu ya barafu. Watu wakawa wanapita wakiitazama kwa jicho la pembeni.

"Kama ng'ambo wamemkataa samaki huyu, sisi tuna matumbo ya chuma?" fundi viatu wa jirani aliuliza, soko zima likasikia.

Mama Kisu hakubishana. Aliwasha jiko palepale, akakaanga mnofu, akala nusu, nusu akampa fundi. "Kilichokataliwa ni karatasi," alimwambia. "Samaki mwenyewe ni wa leo asubuhi."

Fundi alitafuna, akaomba mwingine.

"Nilitafuta mwiba wa kulalamikia, nikaukosa," anakiri sasa. "Miaka yote tunauziwa vichwa, kumbe mwili ulikuwa unapanda ndege!"

Mwaka jana boti zilisajiliwa, nyavu za matundu madogo zikaondolewa, wakaguzi wakaridhika. Msimamizi wa kiwanda akampigia simu Mama Kisu arudi kazini. Alifurahi, kisha akaingiwa na hofu: wateja wake je?

"Nenda," wifi alimwambia. "Ila kwanza nifundishe."

Mnofu wa kwanza wa wifi ulitoka kama umetafunwa na paka. Siku hizi ndiye anayeshika meza asubuhi, na Mama Kisu humpokea akitoka zamu.

Hana kinyongo na walioweka masharti. "Samaki wadogo sasa wanaachwa wakue, naona walivyonenepa. Ila wangetuambia mapema tujipange. Tulisikia redioni kama watu wengine."

Sasa wanatafuta chumba karibu na soko, chenye umeme wa uhakika, waweke friza.

"Sera itabadilika tena, hilo najua," anasema, akifuta kisu kwa kitambaa. "Lakini safari hii itanikuta nina wateja."