Msomaji wa Yuzu

Kwa miaka mitatu kazi ya Tomoe Kurihara ilikuwa kuchungulia, na alilipwa kwa hilo. Ofisi ya elimu ya mji ilimpa meza na kompyuta ili asome yale wanafunzi wanayoyaanika mtandaoni: jina kamili, sare yenye nembo, stesheni wanayoshukia. Akiona hatari anajaza fomu, shule inamwita mtoto. Sharti lilikuwa moja: asimjibu mtoto yeyote.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na nane, na nyumbani hakuwa na wa kumsemesha. Basi akamzoea binti mmoja wa miaka kumi na sita, aliyejiita Yuzu. Yuzu alikula bento yake, chakula cha mkebe kutoka nyumbani, peke yake kwenye ngazi za shule, akaandika kila kilichomo. Siku nyingine aliandika kwamba amelia chooni. Tomoe naye akaanza kufungua bento yake saa ileile. Ujinga mtupu, lakini chakula kilishuka.

"Kurihara-san, huyo wako leo kala nini?" Isobe, mkuu wake, kijana ambaye Tomoe angeweza kumzaa, alimtania.

"Samaki wa chumvi. Ngozi kampa paka."

"Mh! Hata mke wangu hajui mimi nimekula nini."

Jumanne, Yuzu akaandika kwamba amepata rafiki kwenye mchezo wa simu, kijana wa miaka kumi na saba. Kamwomba picha ya sare, naye kamtumia. Jumamosi watakutana stesheni.

Vijana wa namna hiyo Tomoe aliwajua. Alijua pia kwamba mtoto akishaitwa, hufunga ukurasa wake. Ni aibu kusema, lakini alikaa nusu saa nzima bila kuigusa fomu, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine. Kisha akaijaza.

"Jamaa ana miaka arobaini na moja," Isobe alimwambia Alhamisi. "Polisi wameshamjua. Umemwokoa, Kurihara-san."

"Atanichukia?"

"Hata hakujui. Atakuchukiaje?"

Ijumaa mchana Yuzu aliandika mara ya mwisho: "Mwalimu kasema kuna mtu ofisini husoma ninayoandika. Tangu mwaka jana! Nilivyolia humu, kumbe ulikuwepo. Ungesema hata pole."

Tomoe akaandika, "Pole, mwanangu." Alipobonyeza kutuma, ukurasa ulikuwa umeshafungwa.