Kopo la Muzee Yakobo

Nilipokuwa mtoto pale Rwambuzi, mtaa wa Bunia, nilivaa kamba kiunoni, chini ya nguo, hata wakati wa kuoga. Msidhani ilikuwa pambo. Mama alikuwa amezika watoto watatu mbele yangu. Nilipozaliwa, Tate, yaani mama ya baba yangu, alipanda gari mpaka kwetu Mahagi, akarudi na kamba nyeusi ya gome yenye kipande cha chuma na kamzizi kadogo. Akanifunga. Akanipa na jina la nyumbani, Takataka, ili kifo kikipita kisinitazame mara mbili. Wanawake wa mtaa waliniita hivyo bila kucheka, na mimi niliitika bila haya. Nilijua sheria moja tu: kamba ikitoka, nitawafuata wale watatu.

Na siye tulikuwa Wakatoliki wa kila Jumapili. Tate alisali rozari kwa haraka kuliko padri mwenyewe. Hakuna aliyeona shida. Mungu alikuwa kanisani, kamba ilikuwa kiunoni, kila mmoja na kazi yake.

Shida ilianza nilipoingia mafundisho ya komunyo ya kwanza. Ilikuwa miaka ile ya Zaire, majina ya ubatizo yamekatazwa na serikali shuleni, na katekista wetu, Muzee Yakobo, alitufundisha kwa haraka na ukali kama mtu anayejua kesho watamfungia mlango. Neno lake lilikuwa moja. "Mungu hakai kanisani akikungoja Jumapili," alisema. "Iko na weye kisimani. Iko na weye mu kitanda. Hata mu shimo watakapokuzika, iko na weye."

Wiki ya mwisho aliweka mlangoni kopo kubwa la maziwa ya unga. Mtoto aliye na dawa ya kufungwa mwilini aitoe, aitupe humo, ndipo aingie kuungama. Jumapili angezichoma zote.

Hapa mjue akili za mama wazee wa mtaa wetu. Siku zile zote, wakikaa mbele ya nyumba, walisuka kamba za uongo. Mtoto atupe ya uongo, abaki na ya kweli. Tate alinisukia yangu, nzuri kuliko ile yenyewe, akaipaka masizi.

"Tupa hii," aliniambia. "Ile ingine usiiguse."

"Na Mungu, Tate?"

"Mungu iko na kazi mingi. Hawezi kuangalia kiuno cha kila mutoto."

Nilipofika, kopo lilikuwa limejaa nusu, na mimi najua mpaka leo kwamba humo hamkuwa na kamba moja ya kweli. Nikatupa yangu. Muzee Yakobo alikuwa amekaa kando, hakuangalia kopo, aliangalia ukuta.

"Mungu iko wapi sasa hivi?" aliniuliza, kama alivyouliza kila siku ya somo.

"Iko hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa, na mimi."

"Ingia, basi."

Sikuingia. Maneno yangu mwenyewe yalinishika pale mlangoni. Kama alikuwa na mimi, basi alikuwa chini ya nguo yangu pia, ananiona ninavyodanganya. Nikapandisha gauni mbele ya wavulana wote, nikaivuta ile kamba chini. Ilikuwa imenibana kwa miaka, ilinikwaruza ngozi mpaka magotini. Nikaitupa. Muzee Yakobo akakohoa. Watoto waliokuwa nyuma yangu waliangalia miguu yao.

Siku ya tatu homa ikanishika, na mtaa mzima ulijua kwa nini. Jirani mmoja alikuja kumshauri Mama aanze kutafuta kitambaa cheupe. Baba alikuwa Kasenyi kununua samaki. Mama alituma mtu kumwita anfirmie, muuguzi wa mtaa, lakini Tate hakungoja sindano ya mtu. Mchana peupe alikwenda kanisani, akakaa chini mbele ya kopo, akachambua kamba moja moja kama mtu anayechambua maharagi, mpaka akaipata yetu. Aliijua kwa fundo lake.

"Inua mwili, Takataka."

"Hapana, Tate."

"Utakufa."

"Mungu iko hapa."

"Alikuwa hapa hata kwa wale watatu," alisema, na sauti yake ilishuka. "Nilikuwa nimewashika mimi, na mikono hii. Alinyamaza."

Nilimtazama Mama ili aamue, na Mama, mwanamke mwenye neno juu ya kila kitu, alikuwa amesimama mlangoni. Akasema tu, "Mwili ni wako."

"Basi nikikufa, nitakufa niko naye," nikamwambia Tate. "Usinifunge."

Alikaa chini akalia, na kilio chake kilikuwa cha hasira. Jua lilikuwa linashuka anfirmie alipofika na kinini yake, dawa ya malaria. Siku mbili sikujua dunia. Siku iliyofuata niliomba bugali.

Tate alisema nguvu ya kamba ilikuwa bado imebaki mu damu, miaka kumi si kidogo. Jirani wa kitambaa alisema Mungu ameshinda. Mimi nilipokea komunyo nyuma ya wenzangu, peke yangu, na gauni la kuazima lililonivuka mikono.

Sasa mimi ni mzee, na watu wa kikundi cha sala hunisukuma nishuhudie kwamba mtu akitupa dawa, Mungu anamponya. Nakataa, na hawapendi. Kinini iliniponya. Wale watatu hawakufa kwa kukosa kamba, wala kwa kukosa Mungu. Kama ningekufa siku ile, angekuwa pale pale pembeni ya mkeka, asingesogea hata kidogo. Mtu asiyekubali hilo amemfanya Mungu dawa nyingine ya kuvaa, na wa namna hiyo hapa Bunia ni wengi, nawajua kwa majina.

Lakini jambo moja najivunia, na sitamwomba mtu msamaha. Wengi husema Mungu iko nao wakisha kupona. Mimi nilisema nikiwa naungua, na anfirmie hajafika.