Kinyungu cha Leokadia

Leokadia alikuwa amechoka hata kabla ya kuiwasha redio. Tangu alfajiri alikuwa shambani, na mchana ule alikwenda ofisi ya kijiji kuichukua, akashuka nayo hadi kwa wifi yake Yudith, walikokutana wanakikundi kila Alhamisi. Kijiji chao kilikuwa milimani, mbali kidogo na Iringa mjini. Ilikuwa miaka ya sabini, wakati wa vikundi vya kusikiliza redio, na yeye alichaguliwa kuongoza kwa kuwa alihitimu kisomo cha watu wazima.

Siku hiyo mtangazaji alizungumzia chemchemi. Msilime hadi ukingoni, alisema. Acheni matete na miti vishike udongo, la sivyo maji yatakauka. Redio ikazimwa. Wote walikuwa na vinyungu, zile bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi, na vyote viliizunguka chemchemi moja. Cha Leokadia ndicho kilichokuwa karibu na maji kuliko vyote.

"Haya, wifi," Yudith akasema, "wewe ndiye kiongozi. Anza, nasi tukufuate."

Wakacheka. Leokadia hakucheka. Kesho yake alichuma maharage mabichi, akang'oa mboga, akaliacha bonde. Mumewe, Silvester, hakumgombeza. Alishika tama tu pale jikoni.

"Watoto watakula nini?"

Leokadia aliyamimina maharage chunguni.

Kikundini hakuna aliyemfuata. Kiangazi kilipokolea, nyumbani kwake walikula ugali kwa chumvi. Alhamisi zilipofika aliibeba redio vilevile, ingawa wasikilizaji walizidi kupungua.

Ndipo gari likaja kutoka mjini, likamleta Liberatus, mtangazaji, na mashine yake ya kurekodia. Mwenyekiti wa kijiji akamvuta Leokadia pembeni. "Mama, sema tu tumehama bondeni. Usituaibishe."

Alipowekewa kipaza sauti, akasema taratibu, "Nimehama mimi. Wenzangu bado. Siwalaumu, njaa inauma, hata mimi inaniuma. Sasa redio ituambie na cha kula."

Mwenyekiti akakohoa. Liberatus alishukuru, akafunga mashine yake.

Kipindi kilipotangazwa, walimsikia akisema, "Nimehama mimi," kisha ukaingia muziki. Watu wakapiga makofi.

"Umesikika, wifi!"

"Nimesikika nusu," Leokadia alijibu, akaizima redio.

Yudith alimsindikiza kuirudisha ofisini. Walipokaribia mlango, Yudith akasimama.

"Ile nusu nyingine mimi niliisikia siku ile ya kurekodi," akasema. "Bonde siliachi, nisikudanganye. Lakini njoo kesho uchume mboga kwangu. Watoto wasilale na chumvi."

Leokadia alitaka kukataa. Mboga hizo ziliota palepale ukingoni, ambako redio ilikataza kulima. Ila hata nguvu za kukataa hakuwa nazo.

Asubuhi alishuka bondeni na kikapu, akainama katika kinyungu cha wifi yake, akachuma mpaka kikapu kikajaa.